Uvimbe wa Goti Unaofanana na Bonge la Damu: Kwa Nini Tusitibu Kabla ya Kupima



Katika Kwaresima iliyopita, baada ya Njia ya Msalaba, katekista wa kigango chetu kimojawapo alinisogelea akichechemea. Ni mzee aliyekwisha kuvuka miaka sitini, na goti lake la kulia limemsumbua kwa muda mrefu hata hakuna anayemwuliza tena habari zake. Lakini jioni ile hakulalamikia goti, bali shavu la mguu. Siku moja kabla, alipokuwa akiinuka baada ya kupiga magoti, alihisi kitu kikiachia nyuma ya goti, kisha maumivu yakashuka mpaka karibu na kifundo cha mguu, mithili ya maji ya moto yanayotiririka ndani ya nyama. Kulipokucha mguu ulikuwa umevimba, ngozi imekaza, inang'aa na ina joto.

Nyumbani kwake yalikuwa yamekwisha kutolewa mashauri mawili. Ndugu zake walitaka aitwe mchuaji. Jirani, aliyewahi kuuguza mgonjwa wa damu kuganda, alimletea vidonge vya kuzuia damu kuganda vilivyobaki tangu wakati ule. Mashauri yote mawili yalitoka katika upendo, na yote mawili yangeweza kumdhuru. Kama mguu ule ulikuwa na bonge la damu, kuuchua kungeweza kulibandua bonge hilo na kulipeleka kwenye mapafu. Na kama haukuwa na bonge, vidonge vile vingeweza kumletea kutokwa na damu ndani ya misuli. Nilimwambia, "Mwalimu, usichuliwe wala usimeze kitu. Kesho alfajiri tunakwenda hospitali."

Ninaandika makala hii ili kueleza kwa nini hatua ya katikati, yaani kipimo cha picha, haiwezi kurukwa.

Kifuko cha nyuma ya goti hutoka wapi?

Ndani ya goti mna ute kidogo unaolainisha maungio ili mifupa isisuguane. Goti lililosagika kwa umri au kwa kazi nzito, goti lenye baridi yabisi, au goti ambalo meniski yake imechanika, hutengeneza ute kupita kiasi. Meniski ni kipande cha gegedu kinachokaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, kama kata inavyokaa kati ya kichwa na mtungi.

Ute ukizidi hutafuta pa kwenda. Nyuma ya goti, upande wa ndani, kati ya kano mbili za misuli, mna kifuko kidogo ambacho kwa watu wazima wengi kimeunganishwa na goti kwa njia nyembamba. Kila tunapotembea, ute husukumwa kuingia katika kifuko hicho, na njia ile nyembamba hufanya kazi kama vali ya gurudumu la baiskeli: kuingia ni rahisi, kutoka ni vigumu. Kifuko hujaa taratibu. Mgonjwa huhisi kana kwamba amebanwa na yai nyuma ya goti. Uvimbe huwa mgumu anaponyoosha mguu na hulegea anapoukunja.

Daktari Robert Adams wa Dublin aliuandika uvimbe huu mwaka 1840, lakini jina lililodumu ni la daktari mpasuaji wa London, William Morrant Baker, aliyeueleza kwa kina mwaka 1877 na kuonesha uhusiano wake na ugonjwa wa ndani ya goti. Ndiyo maana madaktari huuita kifuko cha Baker. Watoto nao huweza kuupata, na kwao mara nyingi hutoweka wenyewe bila tiba.

Kwa kawaida kifuko hiki si hatari. Tatizo huanza kinapokua sana au kinapopasuka. Ute unaovuja hushuka kati ya misuli ya shavu la mguu na kuiwasha, na ndani ya saa chache mguu huvimba, hupata joto na kuuma. Siku kadhaa baadaye baadhi ya wagonjwa huonekana na alama ya damu iliyovilia chini ya kifundo cha mguu, yenye umbo la mwezi mwandamo. Lakini alama hiyo haitokei kwa wote, na inapotokea huwa imechelewa.

Bonge la damu katika vena

Sasa tulitazame lile linalofanana nalo. Damu inayorudi moyoni kutoka miguuni hupanda mlima. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoisaidia, kwa kuzikamua vena za ndani kila tunapopiga hatua. Mtu anapolala kitandani muda mrefu baada ya upasuaji, anapofungwa plasta ya mguu, au anapokaa safarini saa nyingi bila kujinyoosha, damu hiyo huenda polepole na huweza kuganda. Hatari huongezeka pia kwa mama mjamzito na katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua, kwa wenye saratani, kwa wanaotumia dawa zenye homoni ya estrojeni, na kwa yeyote aliyewahi kuganda damu hapo awali.

Mguu wenye bonge huvimba, huuma na kupata joto. Hatari yake kubwa, hata hivyo, haiko mguuni. Katikati ya karne ya 19, mwanasayansi Mjerumani Rudolf Virchow alionesha kwamba mabonge yanayokutwa kwenye mapafu ya marehemu yanaweza kuwa yamesafiri kutoka kwenye vena za mbali. Kipande kikibanduka mguuni, hupanda mpaka moyoni, kisha husukumwa kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Mtu aliyekuwa akizungumza nawe asubuhi anaweza kufariki kabla ya adhuhuri.

Kwa nini macho na mikono havitoshi

Msomaji atauliza: je, daktari mzoefu hawezi kutofautisha maradhi haya kwa kutazama na kugusa? Jibu la kweli ni kwamba hawezi kwa uhakika. Zamani wanafunzi wa udaktari walifundishwa kuukunja wayo wa mgonjwa kuelekea juu; akisikia maumivu kwenye shavu la mguu, ilihesabiwa kuwa dalili ya bonge. Leo tunajua kwamba jaribio hilo hudanganya pande zote: wenye bonge wengine hawasikii maumivu, na wenye kifuko kilichopasuka husikia maumivu makali. Katika ngozi yetu nyeusi, hata wekundu unaotajwa vitabuni hauonekani kwa urahisi.

Hii haina maana kwamba uchunguzi wa daktari hauna kazi. Yeye huuliza historia ya mgonjwa, na huipima miguu yote miwili kwa utepe, sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 ina uzito. Hospitali nyingi duniani hutumia kanuni ya alama iliyotungwa na daktari Philip Wells wa Kanada na wenzake. Katika kanuni hiyo kila dalili au kihatarishi hupewa alama 1, na alama 2 huondolewa kama upo ugonjwa mwingine unaoweza kueleza uvimbe huo kwa kiwango kilekile au zaidi. Mwenye historia ya ugonjwa wa goti huweza basi kupata alama ndogo. Kwa mwenye alama ndogo, kipimo cha damu kiitwacho D-dimer kikionesha kiwango cha chini, bonge linaweza kuondolewa katika mawazo. Kiwango kikiwa juu hakithibitishi kitu, kwa sababu uvimbe wa maungio, ujauzito, maambukizi na uzee navyo hukipandisha. Hapo lazima tutazame ndani.

Ultrasaundi huona nini?

Kabla ya miaka ya sabini, kutazama ndani hakukuwa jambo jepesi. Ili kuiona vena, daktari alichoma sindano mguuni na kuingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Ili kukiona kifuko, alichoma sindano nyingine ndani ya goti. Mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza matumizi ya mawimbi ya sauti katika kutazama uvimbe wa tumboni. Mwaka 1972, madaktari McDonald na Leopold waliandika katika jarida la British Journal of Radiology juu ya kutumia mawimbi hayohayo kukitofautisha kifuko cha Baker na ugonjwa wa vena. Kipimo ambacho wengi wetu tunakifahamu kutokana na kliniki za wajawazito kikawa pia kipimo cha mguu.

Katekista wetu aliniomba niingie naye katika chumba cha kipimo, na daktari aliridhia. Alimlaza kifudifudi, akampaka jeli nyuma ya goti, akaanza kutembeza kifaa kidogo cha mkononi. Kifaa hicho hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha hupokea mwangwi wake. Misuli na kano hurudisha mwangwi mwingi na kuonekana kwa rangi ya kijivu au nyeupe. Kimiminika hakirudishi mwangwi, na kwa hiyo huonekana cheusi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Ute wa kifuko ni mweusi. Damu ndani ya vena nayo ni nyeusi. Hata bonge la damu lililoganda jana au juzi huweza kuonekana jeusi vilevile. Kumbe hata picha, ikitazamwa tu, huweza kufanana. Kinachotofautisha ni maswali matatu ambayo daktari huyauliza kwa mkono wake.

Swali la kwanza ni hili: je, mshipa unabonyea? Daktari huigandamiza vena taratibu kwa kifaa kile, kuanzia kinena, akishuka pajani mpaka nyuma ya goti na, inapowezekana, mpaka kwenye shavu la mguu. Vena yenye afya ni laini; kuta zake hukutana na weusi hutoweka kabisa, kisha hurudi anapoachia. Vena yenye bonge haibonyei. Jaribio hili rahisi ndilo nguzo ya kipimo chote.

Swali la pili: je, mna mwendo? Kwa kutumia kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler wa Austria mwaka 1842, mashine huipaka rangi damu inayotembea. Ndani ya kifuko cha ute hakuna mwendo wa damu. Ndani ya vena iliyo wazi, daktari anapolikamua shavu la mguu, rangi humiminika. Kipimo hiki hugundua pia jambo la nadra lakini kubwa, yaani ateri ya nyuma ya goti iliyotanuka kama puto, ambayo kwa mkono inaweza kudhaniwa kuwa kifuko. Ole wake atakayeichoma sindano akidhani anatoa ute!

Swali la tatu: je, weusi huu una shingo? Kifuko cha Baker kina shingo nyembamba inayopita kati ya zile kano mbili na kuelekea ndani ya goti. Shingo ikionekana, jina la ugonjwa limepatikana. Isipoonekana, au uvimbe ukiwa na nyama ndani yake, daktari hapaswi kutulia, kwa kuwa ziko saratani chache za nyama laini zinazojificha kwa sura hiyo.

Kwa katekista wetu, vena zote zilibonyea vizuri. Shingo ilionekana. Chini ya kifuko, ukanda mwembamba mweusi ulishuka kati ya misuli: ni ute uliokuwa umevuja. Kipimo chote hakikuzidi nusu saa, hakikuwa na mionzi, na hakikumtoa tone la damu.

Kupata kimoja si kumaliza

Ziko tahadhari mbili zinazostahili kusemwa kwa mkazo. Kwanza, maradhi haya mawili yanaweza kukaa katika mguu mmoja kwa wakati mmoja. Kifuko kikubwa huweza kuibana vena iliyo jirani, damu ikatuama na kuganda. Kwa hiyo mtaalamu akikiona kifuko asikunje vifaa vyake. Bado anapaswa kuzipima vena. Nawe mgonjwa una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, mishipa nayo imepimwa?"

Pili, bonge dogo lililo chini kabisa kwenye shavu la mguu huweza kukwepa kipimo cha kwanza, hasa pale ambapo ni vena za paja na za nyuma ya goti tu zilizopimwa. Kama dalili bado zinatia shaka, daktari huagiza kipimo kirudiwe baada ya juma moja hivi. Usiidharau tarehe hiyo ya kurudi.

Na vipimo vingine je? Eksirei ya kawaida huonesha mifupa iliyosagika, lakini haioneshi kifuko wala bonge. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku yenye nguvu, huonesha goti zima pamoja na meniski na gegedu, na hufaa pale ambapo uvimbe haueleweki au upasuaji unafikiriwa. Lakini ni ghali, hakipatikani kila mahali, na si kipimo cha kuanzia mtu anaposhukiwa kuwa na bonge la damu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma mwilini ni lazima aseme kabla ya kuingia.

Matibabu yanayopishana

Jina la ugonjwa likijulikana, njia hutengana. Mwenye bonge huanzishiwa mara moja dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile heparini, warfarini au rivaroksabani, na kwa kawaida huendelea nazo kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya uangalizi. Mwenye kifuko kilichopasuka hupumzishwa, huinua mguu, hukandwa kwa barafu iliyofungwa kitambaani na kupewa dawa za maumivu zinazolingana na hali ya figo na tumbo lake. Baadaye hutibiwa goti lenyewe, kwa maana kifuko ni moshi na moto uko ndani ya goti. Wengine hutolewa ute kwa sindano, daktari akiongozwa na picha ya ultrasaundi. Ni wachache wanaohitaji kupasuliwa.

Mwenye kifuko kilichopasuka akipewa kwa makosa dawa za kuzuia damu kuganda, damu huweza kuvujia kwenye shavu la mguu na kuibana misuli mpaka ikakosa hewa na lishe. Hiyo ni dharura ya upasuaji. Lakini tusitumbukie katika kosa la pili kwa kulikimbia la kwanza: pale ambapo shaka ya bonge ni kubwa na kipimo kinachelewa, daktari anaweza kuamua kuanza dawa huku mgonjwa akisubiri. Uamuzi huo ni wake, akiwa amempima mgonjwa. Si wa jirani mwenye vidonge kabatini.

Tufanye nini katika familia na jumuiya zetu?

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usichuliwe, usikandwe kwa maji ya moto, wala usifungwe kwa nguvu. Mgonjwa apelekwe kituo cha tiba siku hiyohiyo. Zahanati isiyo na mashine inaweza kumchunguza na kumwandikia rufaa. Mwombeni mhudumu aandike wazi kwamba anashuku bonge la damu, ili mgonjwa asikae kwenye foleni ya kawaida. Mgonjwa aeleze kila kitu: safari, upasuaji, uzazi, goti la siku nyingi, dawa anazotumia. Na akipatwa na pumzi kukatika ghafla, maumivu ya kifua anapovuta hewa, kukohoa damu au kuzimia, hiyo ni dharura ya saa hiyo. Hakuna kusubiri asubuhi.

Kwa wazee wetu wenye magoti mabovu nina neno moja zaidi. Kanisa lenyewe, katika maelekezo yake juu ya adhimisho la Misa, halimdai mgonjwa kupiga magoti. Anayezuiwa na afya anaweza kukaa au kusimama kwa ibada ileile. Katekista wetu alihitaji kuambiwa hivyo mara tatu ndipo akubali kukaa. Baada ya majuma machache mguu ulipona, na sasa anahudhuria kliniki kwa ajili ya goti ambalo sote tulikuwa tumeacha kumwuliza habari zake.

Nimeyaandika haya pia kwa sababu ya mazishi niliyoyaongoza miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa mama kijana, siku chache baada ya kujifungua. Mguu wake mmoja ulivimba, ukakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa siku tatu. Siku ya nne aliinuka kwenda msalani, akaanguka, asiamke tena. Hakupimwa, na kwa hiyo siwezi kusema ni nini kilichomwua, hakuna anayeweza. Mumewe aliniuliza kaburini swali ambalo sikuwa na jibu lake. Sidai kwamba kipimo kingemponya. Lakini mguu ule ulivimba kwa siku tatu, na katika siku hizo tatu hakuna aliyetazama ndani.

Mwenyezi Mungu awajalie wagonjwa wetu nafuu, nasi atujalie busara ya kuwafikisha mapema kwa wenye ujuzi.